Njia 9 za Kufuta Mikwaruzo ya Kikasha cha Sarafu: Kuanzia ya Kukimbiwa Hadi ya Kukumbatiwa

Ukusanyaji wa sarafu una mwiko mmoja usio na msamaha: sarafu haisuguliwi. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa upindo wa khanga. Ukiisugua, kampuni za kupima daraja zitaandika kwenye lebo kwamba imesafishwa, na bei itaporomoka huku unaitazama. Ndiyo maana nalipenda somo hili kwa moyo wote. Kikasha cha plastiki kinachoihifadhi sarafu kinaruhusiwa kusuguliwa mpaka roho itosheke. Wenye mikono inayowasha, karibuni, leo ni siku yenu.

Vikasha ninavyovisema ni vile vigumu, vya mstatili, vya plastiki angavu, ambavyo kampuni ya PCGS ya California ilianza kuvitumia mwaka 1986 na NGC ikafuata mwaka 1987. Sarafu hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, ambacho mzizi wake ni kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949, kisha hufungiwa ndani pamoja na lebo yake. Nusu mbili za kikasha huunganishwa kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na sikio, na zikishashikana, anayetaka kukifungua hana budi kukivunja. Humo ndimo zinamokaa dola za Morgan, sarafu za fedha za Marekani, kwa mamilioni. Na humo utaikuta pia rupia 15 ya dhahabu iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo mbele ya Mlima Kilimanjaro, mara nyingi inapopita kwenye minada ya Ulaya na Marekani.

Shida ni kwamba plastiki hiyo ni laini, na vumbi lina chembe za mchanga zinazoishinda ugumu kwa mbali. Vikasha vikisuguana ndani ya droo, vikitelezeshwa juu ya meza ya muuzaji, vikifutwa haraka haraka kwa pindo la shati, mistari inaanza. Mnunuzi anaitazama picha, anaona mstari umepita kwenye shavu la Liberty, yule mwanamke aliye kwenye dola ya Morgan, anakata bei. Shavu lenyewe zima kabisa! Ni kumlaumu jirani kwa vumbi lililo kwenye dirisha lako.

Kwa hiyo thibitisha kwanza. Washa taa moja, shika kikasha, kiinamishe kushoto na kulia. Mstari ulio juu ya plastiki utahama ukiulinganisha na sarafu, na mara nyingi utaona kivuli chake kikitembea juu ya metali. Mstari ulio kwenye sarafu hauhami, umekaa shavuni palepale. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 5, ilenge kwenye uso wa plastiki, halafu ishushe taratibu mpaka sarafu ionekane vizuri. Utajua mkwaruzo unaishi ghorofa gani.

Kisha tafuta pa kufanyia mazoezi. Makasha ya CD, yale magumu yanayovunjika bawaba kila yakianguka, yametengenezwa kwa polistairini, plastiki ya jamii ileile inayotumika kwenye vikasha vingi vya sarafu. Kila nyumba yenye albamu za zamani za taarab au Bongo Fleva ina kiwanja cha mazoezi tayari. Sugua hapo kwanza. Tembo wa Tabora asubiri, amesubiri tangu 1916.

Haya, tunahesabu kushuka.

9. Asetoni

Hii nimeiingiza kwenye orodha ili ipate kufukuzwa mbele ya mashahidi. Wakusanyaji wanaifahamu vizuri, maana asetoni safi huondoa utando wa kijani unaoachwa kwenye sarafu na mifuko laini ya PVC, na metali haiumii. Mtu akiliona hilo anajiambia kwamba kinachofaa mgonjwa kitafaa na kitanda chake. La! Asetoni inayeyusha polistairini na akriliki. Tone moja linaacha doa jeupe la ukungu, na ukichelewa kulifuta uso wa plastiki unalainika na kuanza kunata. Chupa ya kuondolea rangi ya kucha ibaki kwenye kucha.

8. Moto

Mafundi wa akriliki wana ufundi wa kupitisha mwali wa gesi mbiombio kwenye ukingo uliokatwa, ukingo ukatoka unang'aa. Ni kazi nzuri kuitazama, na kila anayeitazama hutamani kiberiti. Ila wao wanashika kipande kitupu cha akriliki, na wewe umeshika polistairini, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, ikiwa na sarafu tumboni na viungo vilivyobana pande zote. Mashine ya kukaushia nywele nayo ni moto, usiipe jina la upole. Mkwaruzo utaondoka kweli, na kikasha kitaondoka nao.

7. Dawa ya kupulizia vioo

Haiondoi mkwaruzo, inaondoa alama za vidole tu. Halafu nyingi zina amonia au pombe, ambazo zinaweza kuchora nyufa nyembamba ndani ya plastiki angavu, hasa akriliki. Kapsuli za mviringo za Air-Tite, kwa mfano, ni akriliki. Ukipulizia moja kwa moja, ukungu wake unatafuta ufa wa ubavuni na kuingia kumsalimia mwenyeji. Inayofuata.

6. Mafuta ya kupikia, Vaseline na nta

Tatizo la njia hii ni kwamba inafanya kazi. Mkwaruzo ni mtaro mdogo uliojaa hewa. Mwanga ukivuka kutoka hewani kuingia kwenye plastiki hupinda, na kuta za mtaro zinautawanya ovyo, ndipo jicho linaona mstari mweupe. Kipimo cha kupinda huko kwa hewa ni 1, kwa polistairini ni takriban 1.59, na kwa mafuta ya kupikia ni kama 1.47. Ukiujaza mtaro mafuta, tofauti inapungua, mwanga unapita kwa adabu, mkwaruzo haupo! Watoto watapiga makofi.

Kesho yake mafuta yamevuta vumbi, kidole kimefuta nusu, na mkwaruzo umerudi ukiwa na ndevu. Kama unapiga picha ya kumbukumbu zako mwenyewe, sina neno. Lakini kupaka mafuta ili mnunuzi asione, halafu agundue kikasha kikishafika kwake, ni ulaghai, na nalisema bila kulilainisha. Biashara hii inaishi kwa kuaminiana kati ya watu wasiowahi kuonana uso kwa uso.

5. Dawa ya meno

Kila familia ina mjomba anayeamini dawa ya meno inatibu kila kitu, kuanzia chunusi hadi kioo cha simu. Mjomba hajakosea kabisa. Ndani yake mna chembe za kusugulia, chaki au silika, na hizo ndizo zinazofanya kazi. Chagua ile nyeupe ya kawaida. Ya jeli mara nyingi haisaidii, na ya kung'arisha meno inaweza kuwa kali kupita kiasi.

Kinachoiangusha ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya jino, na ganda la nje la jino ni gumu kuliko plastiki kwa umbali usiopimika kwa macho. Kinachopita juu ya jino bila kuacha alama kinaacha ukungu wa vimistari juu ya polistairini. Mikwaruzo mikubwa inafifia, midogo inazaliwa. Tena ikikauka kwenye viungo vya kikasha inaacha ufito mweupe ambao hautoki kwa bembelezo. Faida ipo moja, kikasha kitanukia vizuri kuliko vyote mnadani.

4. Brasso

Kila aliyepita jeshini au kwenye bendi ya shule anaijua harufu hii. Chembe zake ni laini na zinalingana, ndiyo maana inasafisha plastiki kuliko dawa ya meno, na watu wengi wamewahi kuitumia kuokoa CD zilizokuwa zinakwama. Nimeiweka nafasi ya nne kwa heshima.

Sijaipandisha juu zaidi kwa sababu ya kazi iliyozaliwa kuifanya. Vikasha havizuii maji. Vimefungwa ili visifunguliwe kwa siri, basi. Hewa na kimiminika vinaweza kupenya kwenye viungo. Sasa fikiria kimiminika kilichotengenezwa mahsusi kusugua metali, chenye amonia, kikipenya na kukutana na dola ya fedha ya San Francisco ya mwaka 1881 ambayo haijaguswa na mkono kwa miongo kadhaa. Ndoa hiyo tusiifungishe.

3. Msasa wa maji

Hapa tunaingia kwenye kazi ya watu wazima. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, taratibu, kwa njia ya kuukata. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo ni wa juujuu, ruka uende namba 1. Ukucha ukikwama, una mtaro wa kweli, na hapo inafaa kuelewa kusugua kunafanya nini. Polishi haijazi kitu. Kinachotokea ni kwamba plastiki iliyozunguka mtaro inapunguzwa mpaka ilingane na sakafu ya mtaro. Mtaro mrefu kwenda chini unataka plastiki nyingi iondoke, na polishi peke yake itakufikisha huko mwakani.

Msasa unaofaa ni ule wa kutumika na maji, unaouzwa kwa mafundi wa rangi za magari. Wengi hukimbilia namba ndogo, yaani ile kali, kwa pupa. Anza na namba 2000. Ikishindwa kabisa, ndipo ushuke hadi 1500. Kutoka hapo panda: 3000, halafu 5000 ukiipata. Kila ukibadilisha namba, badilisha na mwelekeo: kama ya kwanza ilikwenda juu na chini, ya pili iende kushoto na kulia. Mistari ya msasa uliotangulia ikishatoweka yote, una ruhusa ya kuendelea. Bado unaiona miwili mitatu? Rudi, hujamaliza, usijidanganye.

Ziba viungo vyote vya ubavuni kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Maji yawe matone kwenye msasa, kikasha kisiogeshwe. Sugua eneo pana kuliko mkwaruzo wenyewe, kwa sababu ukichimba sehemu moja tu utaacha kibonde, na kibonde kinapinda picha: tembo wako atakuwa na mguu mmoja mnene. Mwishoni kikasha kizima kitakuwa na ukungu wa kijivu na utashikwa na kihoro. Usihofu, ndivyo kinavyopaswa kuwa kabla ya polishi. Mkwaruzo ukiwa mrefu kwenda chini kiasi cha kuingiwa na ncha ya kalamu, usiufukuzie mpaka mwisho. Uupunguze, uukubali.

2. Kukirudisha kiwandani

PCGS na NGC zote zinapokea sarafu zao zenyewe na kuzihamishia kwenye kikasha kipya kwa malipo. Wanavunja cha zamani, wanafunga kipya, lebo mpya, na kwa kawaida daraja linabaki lilelile. Kwa kikasha kilichopasuka au kuvunjika pembe, hakuna njia nyingine ya heshima, na polishi isijipendekeze. Aliyeko Ulaya ana nafuu ya safari, maana PCGS ina ofisi Paris na NGC ina ofisi Munich. Aliyeko Mombasa au Dar es Salaam atalipa usafirishaji wa kwenda na kurudi, bima juu yake, na karatasi za forodha, na kwa sarafu ya kawaida hesabu hiyo inaipita sarafu yenyewe.

Lakini sikilizeni, hapa kuna hazina imefichwa. Vikasha vyenyewe vimeanza kukusanywa! Vya PCGS vya mwanzo, vile vya 1986 hadi mwishoni mwa muongo huo, ni vidogo na sarafu yake haijabana, ukikitikisa inalia. Vilivyofuata, vyenye lebo ya kijani vya miaka ya 1990, vina wapenzi wao. NGC nayo ilianza na vikasha vyenye kiini cheusi mwaka 1987, na leo ni adimu mno. Wapo wanunuzi wanaoongeza pesa kwa sababu ya kikasha cha zamani, wakiamini kwamba wapimaji wa wakati ule walikuwa wagumu wa kutoa alama. Ukimrudisha mzee huyo kiwandani atarudi amevaa suti mpya, na thamani ya umri wake itakuwa imebaki kwenye pipa lao la taka. Nasema kwa uchungu: vikasha vingi vya namna hiyo vimevunjwa kwa sababu ya mikwaruzo ambayo ingetoka kwa kitambaa na robo saa ya subira.

Angalia pia stika ndogo ya kijani au ya dhahabu mbele ya kikasha. Hiyo ni ya CAC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2007 na John Albanese, yuleyule aliyeanzisha NGC. Ya kijani inasema sarafu imelistahili daraja lake barabara, ya dhahabu inasema inastahili hata zaidi. Imebandikwa nje. Kikasha kikivunjwa, nayo inakwenda, na kuipata tena ni maombi mapya na malipo mapya.

1. Polishi ya plastiki, kitambaa laini na mkono wako

Huyu ndiye bingwa, na hakuna wa pili aliye karibu. Wakusanyaji wa Marekani wanataja zaidi PlastX ya Meguiar's, iliyotengenezwa kwa ajili ya taa za magari na plastiki angavu, na Novus, inayokuja kwa namba: 3 kwa mikwaruzo mizito, 2 kwa myembamba, 1 kwa kumalizia na kufukuza vumbi. Kwa vikasha vingi Novus 2 peke yake inatosha. Huku kwetu ukikosa zote mbili, nenda kwa mafundi wanaorudishia magari taa zilizofifia. Uliza polishi ya mkono wanayomalizia nayo, usichukue ile nzito wanayoanzia.

Puliza vumbi lote kwanza, kwa pampu ndogo ya mpira ya kusafishia lenzi za kamera. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayoleta kilio: chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa, unachora unapofuta. Ziba viungo kwa tepu. Ziba stika ya CAC pembeni yake bila kuibandikia juu, maana tepu ikibanduliwa inaweza kuondoka nayo. Geuza kikasha uangalie hologramu upande wa nyuma. Kwenye vikasha vya zamani vya PCGS ilibandikwa juu ya plastiki, na polishi itaikwangua, kwa hiyo huko usifike.

Tia tone dogo kwenye kitambaa cha maikrofaiba kisichowahi kugusa sakafu. Tone liwe kwenye kitambaa, lisiwe kwenye kikasha. Anza kwa kuukata mkwaruzo, kushoto na kulia, kisha maliza kwa miduara midogo. Mkono uwe mwepesi. Anayekandamiza anazalisha joto, na joto ni ndugu wa namba 8. Kwa sababu hiyohiyo drili yenye sponji ikae kwenye sanduku lake. Kwa taa ya gari inafaa, kwa polistairini nyembamba inayeyusha uso kabla hujasema tayari. Sugua dakika moja, futa, kagua chini ya taa, rudia. Raundi tatu fupi zinashinda moja ndefu ya hasira.

Utajua umefika mwisho pale mkwaruzo utakapokataa kupungua kwa raundi mbili mfululizo. Basi umalize hapo. Kilichobaki ni cha msasa, au ni cha kuishi nacho. Polishi iliyojificha pembezoni mwa tepu na kwenye herufi zilizochongwa iondoe kwa kijiti cha meno cha mbao kilichovikwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kabla haijakauka.

Piga picha mpya ya sarafu palepale, chini ya taa ileile uliyoanzia, na uilinganishe na ya zamani. Halafu kila kikasha kiingie kwenye mfuko wake mwembamba wa plastiki isiyo na PVC, peke yake, bila kubanwa na mwenzake. Na siku utakapouza, mnunuzi akikuuliza kama kikasha kimesuguliwa, mjibu ndiyo bila kusita. Swali lake la pili litakuwa polishi gani.